Kilichosemwa Kitini

Katika jimbo lile, ukitaka kumkata mtu nywele lazima uwe na leseni. Ukitaka kumpaka rangi ya kucha, leseni. Hata kumpaka maiti poda kabla hajazikwa, leseni, na uitundike ukutani wafiwa waione. Lakini ukitaka kumfungia mtu mlango, avue nguo, umlaze mezani na kumshika mwili mzima, huhitaji kitu ila kibao nje na mafuta ndani. Noreen Haskamp alikuwa amewaambia wabunge wa jimbo maneno haya miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu walicheka pale pale pa kuchekea, kisha wakaenda kula.

Yeye hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mkandaji tangu ujanani, sasa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na mvi asizozificha, na chumba chake cha kazi katika mji mdogo wa Pfeifer Grove kilikuwa katikati ya duka la pembejeo na kanisa. Aliyemtoa huko akaja kuhangaika na siasa ni mtu mmoja aitwaye Garth Lindell. Huyu alikuwa mkandaji katika jimbo jirani, akanyang'anywa leseni kwa kuwashika wanawake pasipostahili. Alichofanya ni kuvuka mpaka, ambao ni barabara tu yenye ngano huku na huku, akatundika kibao kipya. Corinne, binti wa pekee wa Noreen, alikwenda kwake kwa ajili ya maumivu ya mgongo, maana nani anapenda kukandwa na mama yake mzazi? Alirudi mtu mwingine. Mwendesha mashtaka alisema ni neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, ushahidi hautoshi. Lindell akahamia mji wa pili, na hadi siku hiyo kibao chake kilikuwa kikiwaka taa.

Kwa hiyo mswada wa Noreen na wenzake haukuwa na mambo mengi. Kila mkandaji awe na leseni, na aliyenyang'anywa kwingine asipewe hapa. Kifungu cha sita alikiandika Noreen kwa mkono wake: lolote atakalosema mtu akiwa mikononi mwa mkandaji, mkandaji asilitoe nje. Mswada ulikuwa mbele ya kamati ya Seneta Dwight Oberle, mkulima wa ngano na ng'ombe, na mwenyekiti wa kamati ndiye apangaye lipi lisikilizwe na lipi lilale. Asipoupangia kikao hadi Ijumaa, mswada unakufa wenyewe. Hakuna kura, hakuna mjadala, hakuna hata wa kumlaumu kwa ushahidi.

Corinne alikuwa ameshanunua koti la buluu la kusimamia mbele ya kamati. Alikuwa ameamua kusema, kwa jina lake, mchana kweupe. Kuufikia uamuzi huo kulimgharimu usingizi mwingi, na Noreen alijua kwamba uamuzi wa namna ile haukai ukimngoja mtu kama basi la shule.

Jumanne ya wiki ile ilikuwa Siku ya Mikono. Kila mwaka wakandaji wa jimbo zima walibeba viti vyao vya kukandia, vile vya kukunja, wakavipanga kwenye ukumbi wa marumaru chini ya kuba la jengo la bunge, na mheshimiwa yeyote alikaribishwa kukandwa dakika chache bila malipo. Mtu hukaa kwa kuinamia mbele, kifua kwenye mto, uso kwenye tundu, akabaki anatazama sakafu na viatu vya mkandaji. Wanasheria wa bunge walikwisha kuamua kwamba huduma ile ina thamani ndogo kuliko kikombe cha kahawa, kwa hiyo si rushwa.

"Na zile huduma za chumba cha ndani mnaanza saa ngapi?" aliuliza mbunge mmoja kijana, akiwatazama wenzake wacheke.

"Saa ile mkeo akifika, mheshimiwa," akajibu Marva Teague. "Nimpigie simu?"

Huyo Marva ndiye aliyeajiriwa na chama cha wakandaji kuwashawishi wabunge. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, karani wa zamani wa bunge aliyejua nani anadaiwa fadhila na nani. Alimpenda Noreen, na alimwona mjinga.

"Shoga," alimwambia wakiwa wanakula mchuzi wa nyama na maharage wenye pilipili, kwa mkate wa mdalasini, kwenye mkahawa wa chini, "Oberle anakuja kwako mchana. Bega lake halimpi raha. Safari hii mwambie."

"Akilaza uso, siasa imekoma. Unajua."

"Ninachojua ni kwamba utakuwa na mwenyekiti wa kamati kichwa kwenye tundu, hana pa kukimbilia, na wewe utamuuliza habari za mvua."

"Mvua ni jambo zuri kwa mkulima."

"Basi mswada ukifa, tutaumwagilia." Marva akachovya mkate wake kwenye bakuli, akatafuna bila kumtazama.

Oberle alikuja kweli, mzee mrefu mwenye shingo iliyoungua kwa jua, kofia mkononi. Alimsalimu Noreen kwa heshima kama alivyomsalimu miaka iliyopita, akakaa, akalaza uso. Noreen akaanza na bega la kulia. Lilikuwa limekaza kama gogo.

"Trekta," alisema seneta kutoka chini. "Na uzee."

"Uzee haukazi hivi," Noreen akasema. "Vuta pumzi."

Akavuta. Ukumbi ulikuwa na kelele, watoto wa shule wakitembezwa, visigino vikigonga marumaru. Mtu aliyelaza uso husahau kwamba yuko hadharani. Kila mkandaji anajua hilo, na asiyelijua hajakanda bado. Baada ya muda seneta akasema kwa sauti ya chini, "Bi Haskamp, nikuulize kitu cha kazi yako."

"Uliza."

"Mtu akishashikwa vibaya, hutokea akakubali tena kushikwa?"

Mikono ya Noreen haikusimama. "Hutokea," alisema. "Polepole. Na ni yeye wa kusema wapi, na lini."

Noreen akahamia bega la kushoto. Seneta akasema, "Mke wangu Ardis alikwenda kwa yule Lindell. Mwaka wa nne huu. Tukiomba mezani tunashikana mikono, kama watu wote. Yeye yake anaiweka mapajani. Wajukuu wameshazoea, wanadhani bibi yao ndivyo asalivyo."

 Noreen alihamia chini ya shingo.

"Mswada wako mzuri. Mimi nimeusoma, si kama hawa wengine. Lakini nikiufungulia kikao, jina la yule mtu litatajwa. Na kwetu kule kila mtu anajua gari la nani lilisimama wapi. Jioni ile ile wataanza kuhesabu. Hajamwambia binadamu ila mimi, na mimi mara moja tu. Siwezi kumwaga habari zake mezani watu wazichambue kama maharage. Afadhali wanichukie mimi."

"Vuta pumzi," alisema Noreen.

Seneta aliinuka, uso wake una alama ya mto, macho mekundu. Akavaa kofia, akashukuru, akaenda zake. Noreen alibaki ameshika kiti. Alimwonea huruma yule mzee, na papo hapo alitamani kumshika mabega yale yale na kumtikisa. Corinne alikuwa nyumbani akipiga pasi koti.

Marva alifika kabla kiti hakijapoa. "Yule mzee amelia. Nimemwona kwa macho yangu. Amekwambia nini?"

"Bega linamuuma."

"Noreen, bega haliwalizi wakulima. Kuna kitu. Nipe kidogo tu. Sitakwenda kwa waandishi. Nitamsogelea, nimwambie najua, basi. Kesho asubuhi tuna kikao."

"Huko ni kumtisha mtu kwa siri yake."

"Kifungu cha sita bado ni karatasi, mwenzangu. Hakuna sheria ya kukufunga mdomo."

"Kwangu ni sheria."

Marva akamsogelea. "Una binti," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Nakukumbusha tu."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakusema mwosha afanye nini aibu ile inapomkaba bintiye kooni. Usiku kucha Noreen aligeukageuka katika chumba cha moteli, na kulipokucha alikuwa ameamua jambo moja: atakwenda ofisini kwa Oberle, lakini atakwenda kama mama wa mtu. Akampigia Corinne simu kuomba ruhusa ya kutaja habari zake. Corinne akasema, "Mwambie zote."

Alimwambia zote. Seneta alisikiliza akiwa ameweka mikono yake mizito juu ya meza. Noreen alieleza jinsi Corinne alivyolala na taa zikiwaka mwaka mzima, jinsi alivyovunja uchumba wake, jinsi anavyoendesha gari kuuzunguka ule mji wa pili ili asipite mbele ya kibao cha Lindell. Alieleza bila kulia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulia kwingine.

"Nasikitika, Bi Haskamp," alisema seneta. "Nasikitika kutoka moyoni."

"Basi mpe nafasi aseme."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi." Kisha akanyamaza, akimtazama. Alikuwa akingoja. Neno la jana lilikuwa limelala katikati yao kama mbwa sebuleni, na kila mmoja alikuwa akiangalia asilikanyage. Sasa hapa yafaa mtu aelewe jinsi wakandaji wa kule walivyofunzwa, maana ndipo jambo lilipoharibikia. Wiki ya kwanza kabisa ya mafunzo huambiwa: alichosema mtu kitini, usikirudishe hata kwake mwenyewe, mpaka akianzishe yeye. Akija kesho na uso mwingine, mpokee na uso huo. Ni kanuni njema, na Noreen alikuwa ameishika maisha yake yote na kuwafunza wengi. Aliishika na siku ile. Akachukua mkoba wake, akaaga.

Ijumaa ikapita. Mswada ukafa. Gazeti la Jumamosi lilimnukuu Seneta Oberle akisema serikali imeshaingiza pua katika kazi za watu kiasi cha kutosha, na chini yake kulikuwa na picha ya Noreen akikunja kiti, na maneno yake machache: kwamba binti yake alikuwa tayari kusema habari za mkandaji aliyenyang'anywa leseni jimbo jirani, na hakupewa pa kusemea.

Corinne alikuja na gazeti lile mkononi. Hakukaa.

"Ulikuwa naye mikononi mwako, Mama."

"Nilikuwa naye."

"Na hukumwambia kitu."

"Siku ile, hapana. Kesho yake nilimwambia yote."

"Marva kanipigia. Anasema yule mzee alitoka kitini akilia, na wewe unajua kwa nini. Anasema ungesema neno moja tungepata kikao. Ni kweli?"

Noreen hakujua kudanganya, na hapakuwa mahali pa kuanzia. "Pengine ni kweli."

"Neno gani?"

"Si langu, Corinne."

Binti akacheka kicheko kikavu kilichomuumiza mama yake kuliko tusi. "Sawa. Umemtunzia yeye siri yake. Na mimi niliyekuwa tayari kutoa yangu mbele ya dunia nzima, nimetunziwa nini?"

Noreen alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia kwamba kanuni ile ile iliyomlinda Seneta ndiyo ingemlinda na yeye. Lakini hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yangekuwa baridi, akayameza. Corinne akatoka. Jumapili hakuja kula, wala Jumapili iliyofuata, wala zote za mwezi wa Machi, na simu ya mama yake aliiacha ikaita. Noreen aliendelea kukanda migongo ya watu. Wengine walimwambia mikono yake siku hizi imekuwa mizito, akawaomba radhi.

Ngano ilikuwa imeanza kunyanyuka mashambani siku mwanamke mmoja alipopiga simu kuomba nafasi. Alitaja jina lake lote bila kusita: Ardis Oberle. Alikuja peke yake kutoka mbali, mama mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, koti kalifunga vifungo vyote.

"Sivui kitu," alisema mlangoni.

"Huhitaji kuvua."

"Wala silali kifudifudi."

"Kaa hapa kwenye kiti hiki cha kawaida. Niambie wapi."

Ardis akafikiri. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. "Huu. Usivuke kiwiko."

Noreen akavuta kiti chake, akaupokea mkono ule. Ulikuwa baridi, wenye sugu. Aliushika tu kwanza, bila kufanya kitu, mpaka ulipopata joto. Kisha akaanza na kiganja. Nje trela la mbolea lilipita, dirisha likatingishika.

"Nilikuona gazetini," alisema Ardis. "Mume wangu ndiye aliyeuua mswada wako."

"Najua."

"Nami nilifanywa kama binti yako. Na mtu yule yule. Hukujua hilo."

Noreen aliinamisha kichwa juu ya kile kiganja, akaendelea.

"Nilimwambia Dwight mara moja, jikoni. Alisikia yote. Akasimama, akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Mpaka leo hajalitaja tena. Mtu anajiuliza. Miaka yote hii najiuliza: ameniamini, au aliona ni porojo tu za jikoni? Sasa mwaka huu nasoma gazetini kwamba mswada wa leseni umekwenda kwenye kamati yake. Nikasema, haya, sasa atakuja. Atanikalisha, aniulize, Ardis, unataka nifanyeje. Nilikuwa na jibu. Nilishalitoa gauni langu la kanisani nikalitundika mlangoni. Ningekwenda kusimama pale na kumtaja yule shetani kwa jina lake na jina la baba yake, na watu wa kwetu wahesabu magari mpaka vidole viwaishe. Nilingoja hadi Ijumaa." Akakitazama kiganja chake. "Hakuniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

Mikono ya Noreen ikasimama. Katika maisha yake yote ya kazi haikuwahi kusimama katikati, na sasa ilisimama. Aliiona ofisi ile, mzee yule amemkodolea macho akingoja. Swali lilikuwa dogo, hata mtoto angelifikiria. Umemuuliza mwenyewe? Lingetosha. Lisingetoa siri yoyote kwa mtu yeyote. Lakini yeye alikuwa ameshika kanuni yake kwa mikono miwili, akaridhika na usafi wake, akaenda nyumbani. Mume aliamua kwa niaba ya mke, mkandaji akanyamaza kwa niaba ya mume, na wanawake wawili waliokuwa wamekwisha kutoa nguo zao za kuvalia siku hiyo wakaachwa wamekaa nyumbani. 

"Ardis," alisema, "lolote asemalo mtu akiwa mikononi mwangu, siwezi kulitoa. Hata lako hili sitalitoa. Lakini ukifika nyumbani leo, muulize mumeo kwa nini. Usimngoje akuulize. Muulize wewe."

Ardis akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kumbe alikuja kwako," alisema.

Noreen hakujibu.

"Na aliniamini."

Noreen hakujibu, lakini machozi hayana kifungu cha sita. Yalimshuka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa yote miwili Ardis alikuwa ameishika sasa, akiibana kwa nguvu ambazo usingezitegemea kwa mama mfupi kama yule.

Walikaa hivyo. Kisha Ardis akaachia, akatoa kitambaa mfukoni, akampa Noreen kabla ya kujifutia mwenyewe.

"Mswada unarudi lini?"

"Januari, tukiuleta upya."

"Uleteni. Nitaongea na mwenyekiti, nalala naye chumba kimoja." Karibu atabasamu, ikamshinda. "Lakini kwanza nataka kuongea na binti yako. Nipe namba yake."

Noreen akanyoosha mkono kuchukua kalamu mezani. Akaurudisha.

"Ngoja nimuulize mwenyewe," alisema.

Akapiga simu. Ikaita, ikaita, kama ilivyokuwa ikiita tangu mwezi wa pili, na Noreen alikuwa akijiandaa kukata iliposikika sauti ya bintiye, ya uchovu na isiyo na salamu. "Unasemaje, Mama?"

"Kuna mtu niko naye hapa. Anataka kuongea na wewe. Nimesema siwezi kumpa namba yako mpaka nikuulize."

"Ni nani?"

Noreen akamgeukia Ardis, akamuuliza kwa macho. Ardis akaitikia kwa kichwa. "Mtaje," alisema. "Taja jina lote."

"Ni Ardis Oberle," alisema Noreen kwenye simu. "Mke wa Seneta. Ana jambo ambalo si langu kulisema."

 Noreen hakumharakisha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akangoja.

"Mpe simu," Corinne akasema.